Wasiojua Kitu

Tangu asubuhi sikuweza kukaa. Nilifagia karakana, nikaifagia tena, mpaka Mama Mounira, mwenye kituo chetu cha vijana hapa Katuba, akaninyang'anya ufagio.

"Exaucée, tulia. Inspekta wa msaada akikuuliza, useme haujue kitu. Banapenda kusaidia benye habajue."

Hilo ndilo lilikuwa sharti la msaada mpya wa serikali: ni wa vijana wasio na ufundi wowote. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Safari hii pete ilikuwa inatafuta chanda kibovu, nasi tukaambiwa tukunje vidole. Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika.

Lakini nilijua kwa nini tunadanganya. Mwalimu wetu, Baba Chama, hakuwa amelipwa tangu mvua zianze, na mashine ya kulehemu ni yake. Shemeji yake alikuwa anamwita aende Kasenga akatengeneze mashua za chuma. Msaada usipokuja, mwalimu ataondoka na mashine, na sisi tutabaki na kuta tupu.

Basi tukafunika kwa turubai madirisha na viti vya chuma tulivyotengeneza. Lango moja tu halikufichika: turubai halikulitosha, na lilikuwa zito mno kulihamisha. Liliegemea ukutani na maua yake ya chuma, maua niliyoyapinda mwenyewe mpaka nikaungua kiganja.

Inspekta alifika jua likiwa kali, mzee mpole, shati limelowa jasho. Akamuuliza huyu, akamuuliza yule. Sijue kitu, papa. Sijue kitu. Kisha akasimama mbele ya lango, akapitisha kidole pale vyuma vilipounganishwa.

"Hii nani aliitengeneza?"

"Ni ya mwalimu," Mama Mounira akadakia. Baba Chama akatazama viatu vyake.

"Muzuri sana. Inaonekana ni mukono ya muntu mukubwa, mwenye alisoma kazi."

Damu ikanipanda. Nilijiuma midomo, nikasimama kwa mguu huu, nikahamia ule. Mdomo huponza kichwa, najua. Bibi yangu alinichosha na methali hiyo.

"Ni miye, papa," nikasema. "Ni miye njo nilitengeneza."

Mama Mounira alifumba macho. Inspekta akanigeukia, akafurahi, akafurahi kweli, akanishika mkono wangu wenye kovu.

"Félicitations, mwanangu. Basi hapa mulisha fika. Hii franga ya serikali ni ya benye habajue. Nitabaambia ku bureau, hapa haiko lazima."

Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo lilinichoma zaidi. Ningekuwa na mtu wa kumtukana, ningepumua. Baba Chama hakunilaumu. Alichomoa waya wa mashine ukutani, akaanza kuuzungusha kwenye kiwiko chake.

Inspekta alikuwa bado analitazama lango.

"Ku lupango yangu, ku nyumba, mulango iliisha kuoza," akasema. "Unaweza kunitengenezea moja sawa hii?"

"Niko naweza, papa." Baba Chama alikuwa tayari ameibeba mashine, anatoka nayo nje. "Lakini na masini gani?"