Kipimo wa Njia ya Milimani

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa mlalamikaji mkuu wa chama chetu cha baiskeli. Kila mwaka chama huandaa safari moja ndefu, kilometa mia mbili kwa siku moja, kuanzia alfajiri hadi saa moja jioni, na kila mwaka njia ilikuwa ile ile: barabara kuu, kwenda na kurudi, kushoto lori, kulia lori, mbele moshi. Mimi ni mwoka mikate, pua yangu ndiyo mtaji wangu, na kila mwaka nilirudi nyumbani nikikohoa na kumlaani aliyeibuni njia ile. Aliyeibuni ni Mwenyekiti wetu, fundi baiskeli, mtu mwenye masikio mazuri tu. Mwishowe akachoka. Mkutanoni akaninyooshea spana aliyokuwa nayo mkononi.

"Mama Mikate, domo unalo. Haya, mwaka huu panga wewe. Ikishindikana tunarudi barabara kuu, na malalamiko yako sitaki kuyasikia tena mpaka nizikwe."

"Utaipenda hiyo njia mpaka utalia," nikamjibu. Watu wakacheka, na mimi nikarudi nyumbani nikitembea kwa mikogo.

Nilipanga njia juu ya meza ninayokandia unga. Nilitandaza ramani usiku unga ukiumuka, asubuhi nikaikung'uta. Jumapili mume wangu alinizungusha na pikapu yetu ya kusambazia mikate, tukapita kwenye mashamba ya alizeti, tukavuka daraja la mbao, tukapanda mlima wenye mnara wa simu na kuteremka upande wa pili, kwenye msitu wa misonobari ambako hewa yenyewe mtu angeweza kuipaka kwenye mkate. Hakuna lori hata moja. Nilikuwa na furaha kama mtu anayejenga nyumba. Ila ndani ya pikapu mlima ni kubadilisha gia tu, na kwa furaha ile sikulifikiria hilo.

Sasa, chama chetu kina utaratibu mmoja ambao sijausikia kwingine. Njia mpya haipimwi na hodari. Wiki mbili kabla ya safari, mpangaji anaipita pamoja na mwanachama aliye wa polepole kuliko wote, na huyo tunamwita Kipimo. Kipimo akifika kabla ya saa moja, njia imepita. Asipofika, njia imekufa, hata kama mpangaji mwenyewe alifika mchana akaoga na kulala. Safari ni ya wote, na hakuna anayetaka kuachwa mlimani giza likiingia. Mpangaji haruhusiwi kumsukuma Kipimo wala kumbebea chochote. Anaruhusiwa kumsemesha tu.

Mwaka juzi Kipimo alikuwa babu mmoja fundi viatu, mwenye goti bovu na kengele kubwa kwenye usukani. Mwaka huu walimchagua wifi yangu, dada wa mume wangu, karani wa mahakama. Mwaka uliopita alifika tukiwa tunakunja viti. Wifi yangu ni mwanamke ambaye hata chai anainywa kwa utaratibu, na baiskeli anaiendesha kana kwamba anaogopa kuiamsha. Jina lake liliposomwa niliiona barabara kuu ikinirudia. Yeye akaja dukani kesho yake, akanunua mkate wake wa kila siku, akaniambia, "Wifi, usinihurumie. Panga unavyotaka." Nikamwambia sawa. Moyoni nikasema tumekwisha.

Siku ya kupima tuliondoka mbele ya karakana ya Mwenyekiti kukiwa bado na ukungu. Mwenyekiti alikuwa amechora mstari wa chaki barabarani, ndio wa kuanzia na ndio wa kumalizia. Akatutazama kama mtu anayesindikiza wagonjwa.

Asubuhi yote wifi alikuwa nyuma yangu. Nilikwenda mbele, nikageuka, nikarudi kumtazama, nikaenda tena, kama mbwa anayetembezwa. Nilikuwa nasema bila kunyamaza. Nilimsimulia habari za wateja, nikamteta kaka yake, nikamwimbia. Yeye ananyonga tu, mgongo umenyooka, anajibu "eeh" na "kumbe." Kila nikitazama saa naona tuko vizuri, na kila nikimtazama yeye naona hatuko vizuri. Kwenye daraja la mbao nilimwuliza kama amechoka. Akasema, "Sijachoka. Ila masikio yamechoka." Nikaona bora nimwache.

Chakula cha mchana nilikipanga kwenye kinu cha yule mtu anayeniuzia unga, chini kabisa ya mlima wa mnara. Nilipachagua kwa sababu mke wake anapika kama anashindana na mtu. Mume wangu alikuwa ametangulia na pikapu kupeleka mikate. Palikuwa na viazi, mayai, maharage ya nazi, ndizi, chai ya maziwa, na mikate yangu mwenyewe ya aina nne. Nikajiambia kwamba kituo lazima kikaguliwe. Nikakikagua. Nikakagua viazi mara mbili, na mkate wa mdalasini nikaukagua mpaka ukaisha. Wifi alikula ndizi moja na nusu kipande cha mkate, akajaza maji chupa yake, akakaa kivulini akinitazama.

"Kula, wifi, mlima uko mbele," nikamwambia.

"Ndiyo maana sili," akasema.

Mlima ule unaanza nyuma tu ya kinu, bila hata kubisha hodi. Kona ya kwanza viazi vikaanza kunikumbusha kwamba vipo. Kona ya pili nikashusha gia mpaka ya mwisho, nikatafuta nyingine, haikuwepo. Nikasikia mnyororo wa wifi nyuma yangu, ukaja ubavuni, halafu ukawa mbele. Hakuinuka hata kwenye kiti. Alinipita kama mtu anayempita mwenzake kwenye ngazi za ofisi, akapotea kwenye kona.

Kwanza nilifurahi, jamani. Kipimo anapanda mlima! Njia imepita! Halafu nikasimama, mguu mmoja chini. Tangu lini?

Nilimkuta kona ya tatu akinisubiri, hata jasho hana la maana.

"Wifi," nikasema nikihema, "hebu nieleze."

Akatazama mikono yake. "Tangu siku ulipopewa njia, naenda kazini kwa baiskeli," akasema. "Na siendi moja kwa moja. Nazunguka kule kwenye tangi la maji, napanda kile kilima mara tatu ndio naenda mahakamani. Jioni hivyo hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniletea mikate." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Wangesema ni mimi niliyeiua njia yako. Wewe umeingojea miaka yote hiyo. Nilitaka ipite."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtupa bondeni, vyote kwa wakati mmoja. Machozi yalikuwa karibu, na mimi machozi yakikaribia huwa napiga kelele.

"Umeniharibia kipimo!" nikafoka. "Mtu anayepanda kilima cha tangi la maji mara tatu kila asubuhi anampima nani? Babu fundi viatu atapanda hapa na goti lile? Wewe si wa mwisho tena, wewe mwanamke! Nani sasa ndiye wa mwisho?"

Alinitazama tu, kwa adabu, kama anavyowatazama mashahidi wanaojikanyaga wenyewe. Nami nikajitazama. Miezi ile yote ya kupanga njia nilikuwa nimekaa kwenye ramani na pikapu. Baiskeli yangu ilikuwa ukutani, nyuma ya magunia. Sikuwa nimenyonga hata safari moja ya maana.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda zako, saa inakwenda."

Akaenda. Nami nikashuka nikaanza kusukuma baiskeli.

Mume wangu alinikuta hapo na pikapu, akishuka kutoka kusambaza mikate ng'ambo ya mlima, masanduku matupu. Akageuza gari, akaliendesha taratibu sambamba nami, mkono nje ya dirisha. Ni mtu mpole. Miaka ishirini na tano ananipenda na hajawahi kuniuliza sababu.

"Nimempita dada juu kule, anaruka kama swala," akasema. "Akifika, njia imepita, si ndiyo? Basi weka baiskeli nyuma, mke wangu. Utaratibu hausemi lolote juu yako."

Na kweli, utaratibu hausemi. Hilo ndilo lililoniuma. Ningepanda, ningekaa kwenye kiti laini, dada yake angefika mapema, Mwenyekiti angenyamaza, na wiki mbili baadaye babu fundi viatu angekuwa hapa nilipo, akipiga kengele yake, mimi nikiwa mbele nikijigamba kwa Mwenyekiti. Njia yangu ingekuwa imepita na ingekuwa mbovu. Nami nilitaka iwe nzuri. Niliitaka sana hivi kwamba hasira zote zikanishuka miguuni.

"Ondoa gari lako hapa," nikamwambia. "Hii njia haina magari."

Akacheka, akaondoka.

Mlima niliumaliza nusu kwa miguu na nusu kwa matusi. Ila huko juu, chini ya mnara, upepo ulinipiga usoni nikaona msitu wote wa misonobari umelala mbele yangu, na barabara ikiteremka katikati yake kama utepe, na nikapiga yowe peke yangu. Nakwambia, sikukosea njia. Nilikosea viazi tu. Niliteremka nikicheka, machozi yakinitoka kwa upepo na kwa mambo mengine. Nilipotokea kwenye tambarare miguu ilikuwa imelegea lakini moyo umekaa sawa, na nikaanza kunyonga taratibu, mgongo wima, kama wifi yangu, bila kusema neno. Ndipo nilipogundua jinsi ndege wa kule wanavyoimba. Asubuhi nilikuwa nimewafunika.

Kilometa za mwisho sitazisimulia, zinafanana zote. Nilijikaza kisabuni. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya maghala nilipoingia mjini, na saa yangu sikutaka kuitazama tena.

Nilipokata kona ya mwisho nikaona watu wamesimama mbele ya karakana. Mume wangu yupo. Babu fundi viatu yupo, amekuja na kiti chake. Mwenyekiti ameitoa saa ya ukutani, ameipakata kama mtoto. Na wifi yangu yupo, juu ya baiskeli yake, mguu mmoja chini, gurudumu la mbele limesimama kidole kimoja kabla ya chaki. Hakuwa amevuka.

Baadaye ndipo waliponiambia. Alifika kukiwa bado na jua kali. Mwenyekiti akainuka, akasema, "Hongera, Kipimo, vuka." Naye akasema hawezi. "Kipimo bado yuko njiani," akawaambia, kwa sauti ile ya mahakamani, na hapo akasimama. Walimbembeleza. Walimletea maji akanywa akiwa hapo hapo. Mume wangu alimwambia, dada, usije ukaiua njia kwa ukaidi, akamwambia, kaka, tulia.

"Vuka!" nikapiga kelele kutoka kwenye kona. "Vuka, unangoja nini!"

"Wewe kwanza!" akajibu.

Nilinyonga na kila kilichokuwa kimebaki mwilini, hata mdalasini. Nikaupita mstari, nikampita na Mwenyekiti, nikasimamishwa na mlango wa karakana. Nyuma yangu nikasikia wifi akivuka, taratibu, kwa gurudumu moja kisha la pili.

Mwenyekiti aliitazama saa yake muda mrefu. Mshale mrefu ulikuwa haujagusa juu, umebakiza upenyo wa kupitisha kisu cha siagi. Akainua macho, akatutazama mimi na wifi, mmoja mmoja.

"Nataka kuelewa," akasema. "Kipimo hapa ni nani?"

Wote wale walikuwa wameniona miaka yote nikitangulia kila safari na kuwasubiri mwishoni nimekunja mikono, nikiwauliza walipitia wapi. Wifi akanigeukia. Alikuwa ameniachia mimi.

"Mimi," nikasema. "Kipimo ni mimi. Nimepanda mlima kwa miguu na nimefika. Na chakula kihamie juu kwenye mnara, pale chini asile mtu zaidi ya ndizi."

Babu fundi viatu ndiye aliyeanza kucheka, halafu wote, halafu na Mwenyekiti, ambaye alilazimika kuiweka saa chini isianguke. "Basi imepita," akasema akifuta macho. "Imepita, Mama Mikate."

Nilikuwa nimeshalala chali kwenye saruji. Wifi akachuchumaa miguuni pangu, akaanza kunifungua kamba za viatu moja moja, kwa utaratibu wake. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuwa wa mwisho katika jambo lolote, na sikujua kwamba ukifika wa mwisho unakuta wote wamekusubiri.