Koti la Chumba cha Kumi na Nne

Saa nne na dakika kumi, Jumanne, Chepkemboi aliketi kwenye benchi ya Chumba cha Kumi na Nne, mahali pake pa siku zote, upande ambao ubao hauna msumari. Alikuwa amefika Nakuru na lori la viazi kutoka Molo, na vumbi la magunia lilikuwa bado kwenye sketi yake. Mbele yake palikuwa na meza, nyuma ya meza kiti, na kwenye mgongo wa kiti koti la kijivu lenye viraka vya kahawia viwikoni. Afisa wa mipaka hakuwepo. Koti lilikuwepo.

"Afisa yuko around," karani alisema kabla hajaulizwa. "Si unaona koti?"

Chepkemboi aliliona. Alikuwa akiliona kila Jumanne kwa miaka saba, na alijua kifungo cha pili kilishonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kila aliyewahi kutafuta huduma ofisini anaelewa: koti likiwa kitini, mwenyewe ametoka kidogo tu. Kama hicho kidogo ni cha kunywa chai au cha kwenda kuvuna mahindi kaunti nyingine, hayo hayaulizwi.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Sahihi moja na muhuri mmoja kwenye ramani ya shamba la ekari mbili aliloachiwa na marehemu mumewe. Bila muhuri hakuna hati, na bila hati hakuna mpaka wa kumwonyesha shemeji yake, Kimutai. Huyo Kimutai alikuwa mtu wa adabu sana. Kila msimu wa kupanda viazi alipiga hodi, akauliza kama hati imetoka, akaambiwa bado, akasikitika kwa dhati kabisa, kisha akang'oa nguzo za seng'enge na kuzisogeza hatua moja ndani kwa Chepkemboi. Hatua yenyewe haikuwa ndogo, maana Kimutai ana miguu mirefu. Seng'enge ilikuwa imeshameza mti wa plamu na nusu ya zizi, na kutoka hapo hadi mlango wa jikoni zilibaki hatua nne.

Jumanne hiyo alikaa benchi moja na mwalimu wa fasihi aitwaye Nilesh, aliyetumwa na babu yake Ratilal, mwenye duka la vitambaa, kufuatilia ploti ya familia. Kwa saa mbili Nilesh hakuliangalia koti hata mara moja. Alimwangalia Chepkemboi akimenya chungwa, akikunja maganda ndani ya leso, akinyoosha faili lake la kijani magotini, kisha akitulia, bila hasira na bila kusinzia.

"Mathe, samahani," alisema mwishowe. "Nimeona watu wengi wakingoja. Hata ma-actor. Hakuna mwenye anangoja kama wewe."

"Asante," Chepkemboi alijibu. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa hilo, na alifurahi.

"Niko na play. Watu wawili wanangoja mtu mbele ya kiti. Ni hivyo tu. Rehearsal ni Jumanne mchana, juu ya duka la babu."

Chepkemboi alipiga hesabu ya safari. Jumanne alikuwa mjini hata hivyo, na ofisi hufungwa saa saba. Alikubali.

Mazoezi yalifanyika ghorofani, katikati ya majora ya vitambaa vya mapazia. Mwigizaji wa pili aliitwa Jerry, fundi wa simu, kijana mchangamfu ambaye shida yake ilikuwa moja: hakuweza kukaa dakika tatu bila kutikisa goti. Nilesh aliwaeleza kwamba mchezo wao ulikuwa wa aina inayoitwa tamthilia ya kiubwege.

Chepkemboi aliweka karatasi chini. "Mwalimu, umenitoa Molo uje kuniita bwege?"

"Si wewe, mama. Ni dunia. Mtu anatafuta maana, dunia inamnyamazia. Hakuna mwanzo, hakuna mwisho, na mwenye anangojwa hakuji."

Chepkemboi alilifikiria jambo hilo kwa heshima liliyostahili.

"Hiyo si ubwege," alisema. "Hiyo ni Jumanne."

Nilesh aliandika maneno hayo kwenye daftari, na tangu siku hiyo hakumfundisha tena. Badala yake alimkabidhi Jerry kwake, amfundishe kukaa. Kabla ya wiki ya nne goti la Jerry lilikuwa limetulia.

Kilichobaki ni koti. Jerry alileta la marehemu mjomba wake, jeusi, zuri, lakini lilipowekwa kitini halikumwambia mtu chochote. Lilikuwa koti tu. Chepkemboi akasema analijua linalofaa, na Ijumaa akaenda kuliomba. Karani hakuona shida, kwa kuwa wikendi ofisi haifunguliwi. Alitoa kitabu, Chepkemboi akaandika jina na nambari ya kitambulisho, akaahidi kulirudisha Jumatatu saa mbili asubuhi. Alilibeba mkononi, akiwa amelikunja ndani-nje kama inavyobebwa nguo ya mtu mkubwa.

Mchezo ulionyeshwa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni ya reli. Watu walikuwa kama sitini. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, yaani hakuna kilichotokea. Katika sehemu ya pili Chepkemboi alisimama, akalikabili koti, akasema mstari wake: "Nimekuja kwa ajili ya mpaka."

Hapo Jerry alitakiwa kusema, "Keti, atakuja." Lakini mkono wa kulia wa koti ulikuwa umejaa taratibu, kama soksi inapovaliwa, nao ukanyooshwa juu ya meza.

"Mwenye mpaka, sogea," koti lilisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila ilisikika kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya kabati. "Pole kwa kukuweka."

Chepkemboi alisogea. Faili alikuwa nalo, kwa kuwa hakuwahi kutoka nyumbani bila hilo. Koti lilisoma kila ukurasa, likauliza mti wa plamu ulikuwa upande gani wakati wa marehemu, likauliza shemeji ana watoto wangapi, likauliza kama amekunywa chai. Kisha likatoa muhuri kwenye mfuko wa ndani, likaupulizia kwa kola, likagonga, likatia sahihi na tarehe. Karatasi ilikuwa na joto kidogo alipoipokea.

"Kuna mwingine?" koti liliuliza.

Jerry alisema kitambulisho chake kimepotea tangu mwaka juzi. Koti likamwambia hiyo si ofisi yake, lakini likamwandikia barua. Ndipo watazamaji wakaanza kupanga foleni. Watu wa huku hawatembei bila nakala za karatasi zao, maana hujui siku hiyo utakutana na nani. Mwanamume anayefanya kazi kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria alikuwa na ramani kwenye mfuko wa suruali. Mama mmoja wa Longonot, aliyekuja tu kumsindikiza bintiye, alikuwa na barua tisa. Koti lilihudumia watu thelathini na mmoja, likawaita kina mama "mama" na wazee "mzee", na saa kumi na mbili kamili likalegea kitini. Watu walipiga makofi, wengi wao kwa mkono mmoja juu ya faili.

Baadaye palikuwa na maswali. Msichana wa chuo, aitwaye Prachi, alisimama na kalamu.

"Nataka kuuliza, hilo koti linawakilisha nini?"

Nilesh alianza kueleza ukimya wa ulimwengu. Alieleza vizuri, kwa dakika sita. Prachi akageuka kumtazama Chepkemboi.

"Linawakilisha afisa," Chepkemboi alisema. "Hiyo ndiyo kazi yake."

Usiku huo alirudi kwenye baridi ya Molo, akalala vizuri kuliko alivyowahi kulala tangu mumewe afariki. Jumapili aliuonyesha mti wa plamu karatasi ile, kupitia seng'enge.

Jumatatu saa mbili alilirudisha koti na kuomba hati. Karani aliutazama muhuri kwenye mwanga wa dirisha, akapanda nao ghorofa ya juu. Mkubwa wake akateremka mwenyewe, mzee mpole mwenye miwani ya kamba shingoni.

"Muhuri ni wetu," alisema. "Sahihi ni yenyewe. Shida ni tarehe. Hii ni Jumamosi, na Jumamosi koti halikuwa kwa kiti. Koti kama haliko, afisa hayuko. Sasa mama, kama afisa hakuwa, nani alisaini?"

"Koti."

"Sawa. Lakini lilikuwa nje ya ofisi."

Chepkemboi aliona mantiki yake. Alikuwa amekaa ghorofani kwa Ratilal wiki nyingi, na mambo kama hayo hayakumpa tena taabu. Hata hivyo moyo ulimuuma, na hakuuficha.

"Inaniuma, mzee. Nimebakisha hatua nne. Lakini sasa si limerudi? Lisaini tena."

Mkubwa alilitazama koti, akaona ombi ni la haki. Alisema kwamba kwanza litahitaji kuajiriwa rasmi, kwa maana lilikuwa limefanya kazi miaka yote hiyo bila nambari ya ajira. Aliandika barua hapo hapo. Akamwomba Chepkemboi arudi Jumanne ya wiki iliyofuata, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba akamsindikiza mteja mpaka mlangoni.

Jumanne hiyo Chepkemboi alifika saa nne na dakika kumi, akiwa amevaa sketi safi. Mezani palikuwa na kibao kipya: Afisa Msaidizi. Nyuma ya meza kilikuwepo kiti, na kwenye mgongo wa kiti ilining'inia hanga ya mbao.

"Koti liko around," karani alisema. "Si unaona hanga?"

Chepkemboi aliiona. Aliketi upande usio na msumari, akatoa chungwa. Ilipofika saa saba aliomba kitabu, akaandika jina lake, akaichukua hanga kwa ajili ya onyesho la pili, Jumamosi.

Hanga haikumhudumia mtu. Ilikaa kitini saa mbili nzima, na Chepkemboi na Jerry wakangoja mbele yake, na ukumbi uliojaa hadi mlangoni ukangoja pamoja nao, mafaili magotini. Nilesh alisema hawajawahi kuucheza vizuri hivyo. Chepkemboi naye alijua ni kweli, na aliridhika moyoni mwake. Ukiondoa shamba, hakuna kitu alichokipenda kama kusimama pale, watu wakimtazama akifanya kazi anayoijua.

Wakati wa maswali Prachi alisimama tena.

"Na hanga, inawakilisha nini?"

"Koti," Chepkemboi alisema.

"Na koti?"

"Afisa. Si nilikuambia."

"Na afisa je?"

Chepkemboi alifikiri.

"Huyo," alisema, "sijawahi kumwona."

Kisha akafunga faili lake la kijani na kuaga mapema. Kimutai alikuwa amepiga hodi asubuhi ile, akauliza, akasikitika. Kesho yake angekuja na nguzo zake, na ng'ombe wa Chepkemboi alikuwa bado upande usiofaa, ule ambao seng'enge ingeumeza.