Bandari ya Sebuleni

Kila asubuhi baada ya chai, Faustina, mfanyakazi wa ndani, alifuta vumbi sebuleni kwa Mzee Jailos, kule mtaa wa Gangilonga: kwanza televisheni, kisha kabati la vyombo, mwisho ile picha kubwa ya bandari. Ilikuwa ya rangi ya mafuta, imechorwa kwa vitone vitupu. Ukikaa kwenye kochi unaona maji yaliyotulia na boti zimefungwa gatini. Ukisogea karibu unaona watu. Kila kitone kilikuwa mtu, mdogo kama punje ya ulezi, amefumba macho.

Wageni wa Mzee Jailos walikuwa watu wa kukaa kwenye makochi tu, hawakuuliza kitu. Picha ilijileta yenyewe mara tu boti ya mzee ilipozama Ziwa Nyasa, imejaza abiria maradufu. Maiti hazikupatikana. Mzee alisema ni upepo, na upepo ukaandikwa kwenye ripoti.

Siku moja Faustina alimwona kaka yake, Liberatus, aliyepanda boti ile kupeleka nyanya za Ilula. Alikuwa karibu na nanga, wa samawati, na lile kovu la baiskeli juu ya jicho. Nyumbani hawakuwa wameanua matanga kwa kukosa cha kuzika. Faustina akambandua kwa ukucha, akamfunga kwenye pindo la kanga.

Palipobaki tundu pakaanza kuvuja maji. Mzee Jailos akaleta ndoo.

"Dada, umetoa mtu humo?"

"Kaka yangu, mzee. Tunataka tukamzike."

"Kamzikeni tu. Ila picha haikai na tundu. Itachukua mwingine humu ndani, na mimi siichagulii."

Faustina alikimbilia chumba cha uani. Binti yake Yudith alikuwa amekaa mkekani. Mkono wake wa kushoto ulishageuka vitone hadi kwenye kiwiko, vibichi, vinanuka rangi.

"Hauumi, mama. Una baridi tu."

Faustina alirudi sebuleni, akafungua pindo.

"Nisamehe, kaka."

Akamkandamiza pale pale kwa kidole gumba. Liberatus alifumbua macho, akamtazama dada yake, akayafumba. Maji yakakoma. Kule uani mkono wa mtoto ukarudi kuwa mkono.

"Afadhali," alisema Mzee Jailos, akaitoa ndoo.

Jioni wageni waliisifu bandari, jinsi walivyopenda utulivu wake. Mwezi uliofuata mzee alinunua boti nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Fundi akaja kupigilia msumari wa picha kwenye ukuta wa pili, na Faustina akamshikia ngazi.