Kurudisha Sifuri

"Shikamoo, mama."

"Vifaa vipo mezani."

Mwalimu wa fizikia alisimama mlangoni mwa maabara, mkoba begani, akaimeza salamu yake kama alivyoimeza jana na juzi. Bi Swichi hakugeuka. Alikuwa akifuta meza ya mbele kwa kitambaa kibichi, akisugua pale pale palipokwisha kutakata. Bati la juu lilikuwa limeanza kuchemka, lakini yeye mikono ya gauni lake aliifunga vifungo mpaka chini, kama mtu anayeogopa baridi.

Jina la Bi Swichi alipewa na wanafunzi. Kengele ya mwisho wa kipindi ikilia, huenda kwenye swichi kuu iliyo kando ya mlango na kuzima umeme wa maabara nzima, hata kama mwalimu yuko katikati ya sentensi. Walimu wengine huwakoholea kwanza, wapate kumalizia. Mwalimu wa fizikia hakoholewi.

Sababu ilijulikana mpaka jikoni kwa wapishi. Kabla ya kuwa mtunza maabara na mwalimu, hawa wawili walikuwa mama mkwe na mkwe. Walikaa nyumba moja, wakapika jiko moja, wakachekana kwa mambo madogo. Kisha mwana, mume wa huyu na mtoto wa pekee wa yule, akatoka asubuhi na begi dogo, akaenda kuanza maisha na mwanamke mwingine katika mji wa mbali. Tangu siku hiyo hakumpigia mkewe simu kamwe. Alimpigia mama yake mara moja tu, akitaka atumiwe viatu alivyoviacha. Yeye mwenyewe alikuwa mbali mno kukasirikiwa, kwa hivyo kila mmoja wa wanawake hawa alimkasirikia mwenzake aliyekuwa karibu.

Mwalimu alifungua kisanduku cha plastiki. Kihisi cha mkondo wa umeme kilikuwa humo, kipya, cha pekee shuleni. Kilikuwa na taya mbili ndogo zinazobana waya kama kibanio cha nguo kwenye kamba, na mkia mrefu unaoingia kwenye kompyuta. Zamani wanafunzi waliinama juu ya ammita na kugombania mshale, huyu akisema umesimama huku, yule akisema kule. Sasa namba ilirushwa ukutani kwa projekta, kubwa kama dirisha. Ukifanikiwa wanaona wote. Ukiaibika, wanaona wote pia.

Na wiki nzima kihisi kilikuwa kikimwaibisha. Swichi ya mezani imefunguliwa, njia ya mkondo imekatika, hakuna umeme hata chembe, lakini ukutani namba inapanda. Akigeuka kidogo, imeshuka. Akiita mtu aje kuona, imetulia kama mtoto aliyeona fimbo.

"Mama, jana jioni ulikigusa hiki?"

"Nakigusa kila siku. Ndiyo kazi yangu. Ulitaka nikibebe kwa meno?"

"Nauliza kwa sababu nilikiacha kizima."

"Hata mwanangu ulikuwa naye mzima." Bi Swichi alikamua kitambaa ndani ya ndoo. "Njia ya kituo cha basi alikuwa haijui, mpaka ulipomwonyesha kwa huo mdomo wako."

Mwalimu alianza kukunjua mkia wa kihisi. Leo hakuwa na nafasi ya kugombana. Mkuu wa shule alikwisha kumwambia, tena mbele ya wenzake: mkaguzi atakaa darasani, somo likienda sawa anaandikiwa ajira ya kudumu; lisipokwenda, mkataba unaishia muhula huu, na wasilaumiane. Nyumbani, katika chumba kimoja cha kupanga, alikuwa na binti mdogo ambaye juzi tu ameacha kuuliza kama watahama tena.

"Naomba leo tu," alisema taratibu. "Chuki yako irudishe kesho."

"Chuki haihifadhiwi kwenye friji."

Kengele ikalia.

Wanafunzi waliingia wakisukumana. Nyuma yao aliingia mkuu wa shule, mtu wa viatu vinavyolia, na mkaguzi, mzee mwembamba mwenye peremende shavuni. Mwalimu alipanga betri, balbu mbili na swichi, akakibana kihisi kwenye waya. Waya ulipita juu ya nguzo ndogo ya mbao, na nguzo ile ilikuwa imevunjika mguu tangu mwaka jana, kwa hivyo Bi Swichi aliishika kwa mkono wake wa kulia, kama alivyoishika kila somo, uso umeelekea dirishani.

Mwalimu alibonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Ukutani ikaandikwa sifuri, safi, haitikisiki. Akashusha pumzi.

"Wewe mama," mkuu wa shule aliita kutoka nyuma, "huoni mgeni amesimama? Lete kiti."

Bi Swichi aliiegemeza nguzo kwenye vitabu, akaenda. Namba ukutani ikashuka chini ya sifuri, na alama ya kutoa ikasimama mbele yake.

"Umeme unarudi kwao," alisema mvulana mmoja, na darasa likacheka.

"Mwalimu," mkuu wa shule akasema, "hiyo swichi si imefunguliwa?"

"Imefunguliwa."

"Sasa hicho kinapima nini? Maombi?"

Wakacheka zaidi. Mwalimu alihisi masikio yanawaka. Akabonyeza tena: sifuri. Bi Swichi alirudi, akaishika nguzo. Namba ikapanda. Akauondoa mkono ule kidogo kupangusa jasho shingoni, ikashuka, akaurudisha, ikapanda.

Mwalimu aliacha kuiangalia namba, akauangalia mkono.

Alikumbuka mchana mmoja wa zamani, mchuuzi wa dawa za viungo mlangoni, na mama akilalamika kuwa kifundo cha mkono kinamkeketa akifua. Mchuuzi alikuwa na bangili za sumaku; zinavuta maumivu, alisema. Mwalimu hakuamini hata kidogo, lakini mama aliamini, na hilo lilimtosha. Alimnunulia. Na mume alipoondoka, siku ya ugomvi ule mkubwa, mama alisimama uani akatangaza majirani wasikie: kila ulichonipa nimekitupa jalalani, mpaka sindano.

"Nani alikiandaa kifaa hiki?" Mkuu wa shule alikuwa amesimama. "Ni huyu mama? Nimesema mara ngapi amechoka, apumzishwe? Mkaguzi, utatusamehe, ni watu tuliorithi."

Bi Swichi aliikaza nguzo kwa vidole, uso ule ule dirishani.

Mwalimu alikuwa na jibu mdomoni. Neno moja tu, na lawama ingetoka juu yake ikatua kwa aliyesimama kando yake. Tena lingekuwa neno la kweli.

"Nilikiandaa mimi," alisema. "Kosa ni langu. Nilirudisha sifuri bila kuangalia kilicho karibu."

"Kilicho karibu ni nini?" aliuliza mkaguzi, kwa mara ya kwanza.

Hakupata kujibu. Msichana wa dawati la mbele, ambaye hajui kunyamaza, alikuwa amenyoosha kidole. "Mwalimu, mbona inapanda Bi Swichi akiwepo na kushuka akitoka? Ana umeme?"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mwalimu akangoja kiishe.

"Mtu hana umeme wa hivyo. Sikilizeni. Kihisi hiki hakigusi umeme wenyewe. Mkondo ukipita kwenye waya, huuzungushia waya usumaku, na huo ndio kinaouhisi. Kwa hivyo sumaku nyingine ikikaribia, kinaihesabu nayo. Hakijui ya nani." Alitaka kuishia hapo. "Inaweza kuwa sumaku yoyote. Ya simu, ya mkoba."

"Bi Swichi hana mkoba," msichana alisema.

Macho yote yakahamia kwa mama yule. Alisimama akiwatazama mmoja mmoja, kama anayehesabu wa kuwanyima uji. Kisha akafungua kifungo, akapandisha mkono wa gauni. Bangili ilikuwa imefifia rangi, imekuwa laini kama sabuni iliyotumika sana.

"Nina mkono unaouma," alisema. "Kuna mwenye swali lingine?"

Wanafunzi wakarudisha macho ukutani.

"Basi vua, mama," mkuu wa shule alisema. "Unatuharibia somo."

Bi Swichi aliishika bangili, akaivuta kuelekea kwenye vidole, akavuta tena. "Haitoki. Vidole vimevimba."

Mwalimu alikuwa karibu kuliko wote, na aliona. Bangili ilikuwa ya mwanya. Haikuwa duara kamili. Aliichagua hivyo mwenyewe siku ile, makusudi, kwa sababu ya vidole hivyo hivyo, ili ivaliwe na kuvuliwa kwa ubavu bila kupita kwenye vidole. Mwanya ulikuwa pale juu, umeelekea dari, mpana wa kupitisha kifundo.

"Haina haja ya kuvua," alisema. "Mama, shika nguzo kama ulivyokuwa. Usisogee."

"Nisogee niende wapi?"

"Hapo hapo."

Akasogea naye, wakawa bega kwa bega, kwa sababu meza ilikuwa finyu na kitufe kilikuwa upande ule. Akabonyeza. Sifuri. Safari hii iliandikwa pamoja na mkono wa mama, bangili yake na yote. Akafunga swichi. Balbu ikawaka, namba ikapanda, ikatulia. Akaunga balbu ya pili sambamba na ya kwanza, na ukutani mstari wa grafu ukapanda kama mtu aliyekanyaga ngazi. Mtu mmoja nyuma akasema "eeh," bila kutaka.

Somo zima mama hakuusogeza mkono. Nzi alitua shavuni, akatembea mpaka kwenye nyusi, akaondoka mwenyewe. Jasho lilimtiririka kidevuni. Mwalimu, akieleza, alichukua daftari lililokuwa mezani na kuwa kama anajipepea. Upepo wake mwingi ulikwenda upande wa pili. Mama hakuugeuzia uso, wala hakuukwepa.

Mwishoni mkaguzi aliinuka, akahamisha peremende yake shavu la pili. "Muhula ujao nikija," alimwambia mwalimu, lakini alimtazama mkuu wa shule, "nitapenda kuona somo la sumaku. Na huyu mama nimkute." Mkuu wa shule akasema litaangaliwa. Viatu vyake vililia mpaka mwisho wa ukumbi.

Mwalimu aliifungua swichi ya mezani, balbu zikazimika, akawaruhusu wanafunzi watoke kabla ya kengele. Walibaki wawili na harufu ya betri moto.

"Ulisema uliitupa," mwalimu alisema.

"Niliitupa. Ikarudi." Mama alikuwa akikunjua vidole vilivyokufa ganzi, kimoja kimoja. "Usidhani nimekusamehe."

"Sijaomba."

"Ndiyo ubaya wako. Huombi." Akafunga kifungo cha mkono wa gauni, akabeba ndoo. Alipofika katikati ya chumba alisimama, hakugeuka. "Mtoto bado analala na taa?"

"Bado."

"Mwambie nyanya yake pia hulala nayo." Akaendelea kutembea, maji yakigonga ukingo wa ndoo.

Kengele ilikuwa haijalia. Alisimama chini ya swichi kuu, akakohoa, akangoja, kisha akazima. Ukuta ukabaki mtupu. Kompyuta tu ndiyo iliyobaki inawaka kwa betri yake, na kwenye kioo chake namba ilikuwa imeshuka chini ya sifuri. Mwalimu aliweka kidole juu ya kitufe. Nje, hatua za mama zilikuwa zikienda polepole, ndoo ikilia. Hakubonyeza. Alikaa akiitazama alama ile ndogo ya kutoa, mpaka kioo nacho kikafifia.