Mzima kwa Mujibu wa Fomu

Fabiola wa kituo cha afya alifika Rumonge kuwahesabu askari wa zamani na maradhi yao, akafanya kosa la mtu mwenye haraka: alianza kuuliza kabla hajanywa chochote. Nyumbani kwa Speciosa mgeni hasomewi matatizo akiwa na koo kavu. Basi Dismasi, mume wake, aliyeacha jeshi miaka kumi na minane iliyopita, alijibu kama alivyolelewa. Usingizi? Amahoro, yaani salama. Kichwa? Amahoro. Masikio? Amahoro tu, na swali hilo hata hakulisikia vizuri. Fabiola akaweka alama penye "mzima", akaanza kukusanya karatasi zake.

Speciosa alikuwa jikoni akichemsha mawese, akasikia yote. Sikio la kushoto la huyo mzima lilikufa bomu lilipoanguka karibu naye, na la kulia lilikuwa njiani kulifuata. Daktari wa masikio angekuja mwezi ujao, kwa walioandikwa walemavu wa vita tu. Asiyeandikwa, shauri yake. Speciosa alimpenda mume wake kuliko adabu, ila aliona vyote viwili vinaweza kukaa meza moja. Akaleta chai na ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga, akamkalisha binti wa watu, akangoja kikombe kifike nusu. Ndipo akamwomba aulize upya.

Safari hii Dismasi alikiri sikio. Kilichobaki ni neno la kuandikwa. Fabiola alieleza kwamba kwenye fomu "mlemavu wa vita" si lazima awe amekatwa mguu. Ni yeyote ambaye, kwa jeraha la jeshini, hawezi kazi za kila siku bila msaada. Dismasi akakunja uso. Mlemavu ni Anselmo wa magongo, alisema. Yeye Dismasi anakamua mawese yake, anayauza sokoni, anarudi, na hasaidiwi na mtu. Kichwa kikawa kigumu kama kokwa la mchikichi. Speciosa alikijua vizuri kichwa hicho, maana aliolewa nacho.

Alitamani kumfinya. Badala yake alihamia upande wa kulia wa mume wake, ili naye asikie, akamwambia Fabiola:

"Wateja wakimuita, ni mimi naitika. Pikipiki ikikuja nyuma yake, ni mimi namuvuta. Kanisani namugusa mukono ajue tumesimama. Hiyo mu fomu yako inaitwa nini, binti yangu?"

"Musaidizi, mama. Iko na mustari wake. Lakini tunaujaza kwa mulemavu peke yake."

Dismasi alimgeukia mke wake. Habari ya wateja hakuwa akiijua. Miaka yote alidhani watu wa soko lile wana subira.

"Na jina la huyu musaidizi litaandikwa?" aliuliza.

Fabiola akasema litaandikwa.

"Basi mimi andika mulemavu. Halafu yeye umuandike vizuri, majina yote."