Tumbo la Sponji

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa ghala lililogeuzwa studio, msimamizi aliwauliza wanawake swali lilelile huku akipuliza chai yake: "Una mimba? Una mtoto mchanga?" Aliyejibu sina, aliingia. Msusi mmoja alijibu ninayo, akarudi kwao na vitana vyake.

Fundi cherehani alijibu sina kila siku, na kila siku ulikuwa uongo. Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, na hapakuwa na mwingine wa kumnunulia dawa.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi na vichekesho: dereva wa teksi na daktari wa meno wanakutana kwenye harusi ya watu, wanazozana, na mara wanajikuta wanangoja mtoto wasiyemtarajia. Kwa hiyo fundi alishona tumbo la sponji, lenye zipu pembeni na mikanda ya kufungia mgongoni. Kabla ya kumvalisha mwigizaji, alilijaribu mwenyewe. Alipolivua, tumbo lake mwenyewe lilikuwa bapa, na sponji ilikuwa na joto.

Hakupiga kelele. Alilipapasa lile la sponji taratibu, akasikia teke. "Tulia," akaliambia. Kusema kweli, alishukuru. Kazi imenusurika na mtoto amepata pa kukaa. Filamu ikiisha atalivaa tena, na kila kitu kitarudi mahali pake.

Mwigizaji hakulalamika, ila uzito na mateke tu. "Dada, hili linanipiga mateke nikianza kusema."

"Linapenda utani," fundi alimjibu, akalegeza mikanda.

Tumbo lilikua, naye akaongeza kitambaa. Wakati wa mapumziko lilitundikwa msumarini, na fundi alikula chini yake akilisimulia habari za bibi yake. Jioni lilifungiwa stoo, naye akaenda nyumbani peke yake. Hapo ndipo alipolia, njiani, kabla hajafika kwa mama.

Siku ya tukio la kujifungua, mwigizaji alipiga mayowe kama yalivyoandikwa, dereva wa teksi akazimia alipoelekezwa kuzimia, na zipu ikafunguka yenyewe. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia vizuri, hakuna aliyehitaji kurudia.

"Safi," mwongozaji alisema. "Tumeipata." Mtu wa taa akaenda kunywa maji.

Fundi alitoka nyuma ya kamera na shuka mikononi. "Huyo ni wangu."

Msimamizi alimtazama kwa huruma; hakuwa mtu mbaya. "Mama, asubuhi nimekuuliza. Umenijibuje?"

"Nimesema sina."

"Na sponji ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Sasa mimi nifanyeje, mama?"

Fundi aliikunja shuka. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Huyu alificha na akazaa, ila hakupata mtoto.

Mtoto alihitajika kwa matukio yaliyobaki. Fundi alipewa kazi ya kumshonea nguo, na hakuhitaji kumpima. Kisha waigizaji wawili wakuu wakasafiri naye kuitangaza filamu, mji hadi mji, na watu wakasema amefanana na wote wawili.

Filamu ilipofika sinema ya mtaani, fundi alikata tiketi akakaa katikati. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kila alipotokea, mtoto aliwapa kisogo dereva wa teksi na daktari wa meno, akakazia macho kile kiti cha katikati.

"Mama, anakutazama wewe," alisema aliyekaa jirani.

"Ndiyo."

"Ana macho mazuri," jirani alisema, akarudi kucheka. Fundi alibaki na uchungu wake, mikono imekunjwa mapajani, hadi taa zikawashwa.

Kesho yake asubuhi msimamizi alikuwa mlangoni mwa studio na chai yake. Gauni la fundi lilikuwa limelowa maziwa kifuani. Msimamizi aliliona, akampa leso yake ajifute, akangoja amalize.

"Una mtoto mchanga?"

"Sina," fundi alisema, akarudisha leso, akaingia kazini.