Jiwe la Kufulia

Maneno yenyewe aliyaleta muuza mkaa, tena bila kuulizwa. Alikuwa anajaza kopo, mikono myeusi mpaka viwikoni, akasema kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua:

"Mama Sabuni, na wewe umeridhika? Mumeo Fundi kapindisha kamba kwa ajili ya jirani yako msusi. Mtaa mzima umeona, wewe umekalia kuanika tu."

"Kamba gani?"

"Ya ukuta, shoga. Lakini mimi simo."

Simo, na huku ameshaingia mpaka chumbani. Mama Sabuni alirudi nyumbani, akautua mkaa mlangoni, akaenda kusimama barabarani ule ukuta mpya wa msusi ulipoanzia. Akafumba jicho moja kama alivyomwona mumewe akifanya. Ukuta ulitoka barabarani umenyooka vizuri, tofali juu ya tofali, halafu ulipokaribia nyuma ukaegemea upande wa kwake yeye, Mama Sabuni. Hatua mbili nzima. Kwenye hizo hatua mbili ndipo ulipokuwa mti wa kamba yake ya tatu ya kuanikia.

Kamba tatu ndizo zilizokuwa zinalisha nyumba. Nyumba ya wageni ya kona ya juu ilimletea mashuka asubuhi na kuyataka makavu jioni, na kwa kamba mbili mashuka yale hayakauki. Tangu ukuta usimame, alikuwa ameshayarudisha mabichi mara mbili. Msimamizi alimwambia wapo wengine wanaoitaka kazi hiyo.

Lakini hilo halikumuuma kama lile la mumewe. Fundi alikuwa mwashi wa kubomoa safu nzima kwa sababu tone la pima maji limesogea kidogo tu. Mtu huyo angeachaje ukuta umepinda hivyo? Angekuwa anaangalia nini?

Alijua alikuwa anaangalia nini. Msusi alikuwa na kucha ndefu nyekundu na kicheko cha mtu aliyelala vizuri. Zamani walipanga nyumba moja, chumba kwa chumba, na msusi alikuwa akija kuomba kipande cha sabuni. Viwanja walinunua mwaka mmoja kwa muuzaji mmoja. Sasa mwenzake ana bomba uani, ana madirisha sita ya vioo, ana ukuta. Yeye ana kamba. Kila akiinua shuka kulianika alijikuta anahesabu yale madirisha, kana kwamba kuna siku yatapungua.

Jioni mumewe alipokaa kunawa miguu, alisimama mbele yake.

"Kwa nini ukuta wa yule umepinda?"

"Haukupinda. Umefuata mpaka."

"Mpaka nani alikuonyesha?"

Fundi alisugua kisigino muda mrefu kuliko kisigino kinavyohitaji. "Naujua ulipo. Achana na hilo, mama watoto. Usilifukue."

"Siku zote za kujenga ulikuwa unanywa chai kwake. Ina sukari kuliko yangu?"

Akacheka. Hapo ndipo alipokosea, maana mke alikuwa anangoja akane, naye akacheka.

Kesho yake Mama Sabuni alivuka kwa msusi. Wateja wawili walikuwa wamekaa na vichwa vya povu, wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Jirani, naomba unirudishie hatua zangu mbili."

"Hatua?" Msusi hakuacha kuchana. "Kama kivuli cha ukuta kinakukera, kaa hapo nikusuke bure, upoe. Hicho kichwa nacho kinahitaji uzio."

Wateja walicheka, mmoja povu likamwingia puani.

"Nitaita mpima."

"Mwite. Mwite na babu yake. Ukuta nimejengewa na fundi anayeijua kazi yake, muulize mwenyewe. Si unalala naye?"

Barua aliiandika mwenyewe. Shule ya msingi ilimwachia mwandiko mzuri, wa herufi zilizosimama. Alichana karatasi katikati ya daftari la zamani la binti yake, aliyeshachumbiwa, akaandika kwamba jirani amemega ardhi yake na anaomba ofisi ya ardhi ije ipime. Mwenyekiti wa mtaa aliisoma, akamtazama, akaisoma tena.

"Mama, haya si tungeyamaliza hapa hapa kwa maneno?"

"Maneno ndiyo yaliyonileta, mwenyekiti. Gonga muhuri."

Akagonga.

Mpima alikuja baada ya wiki tatu, na gari, na ramani iliyokunjwa. Hakuanzia kwao. Aliingia kwanza kwenye ghala la mabati lenye ukuta mrefu nyuma ya viwanja vyao, mahali ambapo wao walipohamia walikuta uwanja mtupu. Mlinzi alimfungulia mageti yote mawili. Alitoka baada ya saa nzima, ana soda mkononi.

"Nani atanishikia futi?"

Hakuwa na msaidizi. Ikabidi washike wao: msusi ncha hii, Mama Sabuni ncha ile, futi limekazwa katikati yao. Kila mmoja alivuta kidogo upande wake, na mpima akawaambia waache, futi si kamba ya kuvutana. Mama Sabuni aliona kucha za mwenzake karibu kwa mara ya kwanza. Mbili zilikuwa za kubandika.

Mpima alipima kutoka barabarani, akaandika, akafika nyuma, akasimama palepale ukuta ulipoegemea.

"Jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani, mheshimiwa?"

"La mpaka, mama. La zege, lina nondo katikati na namba usoni. Ramani inasema lilikuwa hapa, penye hii kona ya ukuta."

Hapa. Palepale. Kwa hiyo ukuta haukumega kitu. Mama Sabuni alisikia masikio yake yakijaa joto. Alitaka kufurahi kwamba mumewe hakupindisha kamba kwa ajili ya mtu, lakini furaha haikupata nafasi, kwa sababu mpima alikuwa ameshageuka anaangalia beseni lake.

Kando ya beseni lilikaa jiwe la kufulia. Jeupe kwa sabuni, limelika upande mmoja kwa kola za watu. Kwenye ubavu kilichomoza kipande cha chuma alichokuwa amekifunga kitambaa kisichane mashuka. Miaka kumi na moja. Wiki ile ya kuhamia alikuwa anafulia kwenye tope, magoti yamevimba, na jioni moja mumewe alikuja na jiwe begani. "Zawadi ya nyumba mpya hiyo," alisema, akaliweka chini taratibu. Yeye hakuuliza limetoka wapi. Nani anaiuliza zawadi imetoka wapi?

Mpima alilipindua kwa mguu. Chini, penye udongo, namba zilikuwa safi kabisa.

Fundi aliitwa kazini, akaja na mwiko mkononi. Alipoliona jiwe limepinduliwa hakujitetea.

"Nililing'oa mimi. Mke wangu alikuwa hana pa kufulia. Lakini nilikuwa napakumbuka, bwana mpima, hata nondo ilipokuwa. Ukuta wa jirani nimeuweka palepale, sikumwonea mtu."

"Mpaka haukai kichwani mwa fundi," mpima alisema bila ukali. "Kung'oa jiwe ni kosa. Na likishang'olewa mpaka unarudishwa upya kutoka ramani kubwa." Akaikunjua juu ya boneti ya gari, akaweka chupa ya soda isipeperuke. "Hii hapa. Barabara ya malori, mita kumi. Inapita nyuma yenu."

Msusi alisogea. "Nyuma wapi? Nyuma kuna ukuta wa ghala."

"Ndiyo. Kwa hiyo inasogea huku."

"Kwa hiyo ghala ndilo limekaa juu ya barabara?"

"Mama, mimi nimeitwa kupima hapa. Barua ninayo. Kule sikuitwa."

Wanawake wawili walitazamana. Mama Sabuni alikuwa wa kwanza kuangalia chini.

Rangi nyekundu ilitoka kwenye gari. Mpima alichora mkasi mmoja mkubwa, ile alama ya X ya kubomolewa, kwenye ukuta mpya wa msusi, mwingine kwenye chumba chake cha nyuma chenye vioo, na wa tatu kwenye ukuta wa nyumba ya Mama Sabuni, juu ya dirisha la chumba alicholala binti yake. Rangi ilichuruzika kwenye pazia. Iliyobaki aliifunika vizuri, akaipigapiga kifuniko. Kwenye ukuta wa ghala hata tone halikuruka.

"Fundi, panda gari. Jiwe nalo ni ushahidi. Libebe."

Akalibeba. Begani, bega lilelile. Alipopita mbele ya mkewe alisema, "Usifulie chini, magoti yatavimba," kama mtu anayetoka kidogo kwenda dukani.

Siku ya tisa Mama Sabuni bado alikuwa anakwenda ofisini na shati safi kwenye mfuko, na kila siku aliambiwa faili la mumewe liko kwa mkubwa. Kwenye benchi alimkuta msusi, aliyekuja kuulizia ukuta wake. Hawakusalimiana. Walikaa na nafasi ya mtu mmoja katikati. Nywele za msusi zilikuwa zimesukwa vizuri, mistari imenyooka, na Mama Sabuni, pamoja na yote yaliyokuwa yamempata, alikuta jicho lake linaihesabu.

Mlango wa ofisi ulikuwa na tabia ya kujifunga kwa upepo. Siku hizo haukujifunga. Jiwe lilikuwa limewekwa chini yake kuuzuia, kwenye nondo limefungiwa kipande cha karatasi chenye namba ya kesi, na kila karani aliyeingia alifutia viatu kwenye ule upande ulioliwa na kola. Mama Sabuni aliinama alitoe tope.

"Mama, usiguse hilo," tarishi alisema. "Ni ushahidi."

Alirudi kwenye benchi. Binti yake alikuwa anakwenda kuolewa, na mchumba alikuwa ameshatafuta kiwanja. Alitoa mfukoni lile daftari, na kwenye ukurasa unaofuata pale alipochana karatasi ya barua, aliandika kwa herufi zilizosimama:

Mwanangu, jiepushe na haya.

Usipokee jiwe bila kuuliza limetoka wapi, hata akilileta anayekupenda.

Usisikilize habari za mumeo kutoka kwa mtu anayekupimia kitu.

Mumeo akicheka, muulize tena. Mimi sikumuuliza tena.

Usihesabu madirisha ya jirani.

Barua ya hasira usiipeleke kupigwa muhuri siku hiyohiyo. Iache ilale.

Usimshikie mpima futi kabla hujajua soda kanywa kwa nani.

Usigombane na mwenye ukuta mpya ukamsahau mwenye ukuta mrefu. Msusi hakusogea hata kidole. Aliyesogea hakuitwa.